Anayetazamwa alipwe, anayeuza alipe

KILA mwaka ifikapo Agosti mosi, viwanja vya maonyesho ya wakulima hufunguliwa katika kanda mbalimbali nchini, na pilikapilika zake hufikia kilele Agosti 8, Sikukuu ya Wakulima, maarufu kama Nane Nane. Wa Mbeya huenda John Mwakangale, wa Dodoma huenda Nzuguni, wa Arusha huenda Themi na wa Lindi huenda Ngongo. Sisi wa Kigoma tuko Kanda ya Magharibi pamoja na wenzetu wa Tabora, na uwanja wetu ni Ipuli, mjini Tabora.

Kwa mkulima wa Munanila, huko juu milimani karibu na mpaka wa Burundi, katika Wilaya ya Buhigwe iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, Ipuli si mahali pa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Ni lazima ateremke hadi Kasulu, aelekee Uvinza, avuke Mto Malagarasi na kuendelea hadi Tabora, au ashuke Kigoma mjini kusubiri treni ya Reli ya Kati. Akiwa na mizigo ya sampuli, safari inakuwa ngumu zaidi na gharama zinapanda.

Ndiyo maana kabla msimu wa maonyesho haujafika, ni vyema tukajiuliza swali ambalo kwa kawaida haliulizwi hadharani. Mkulima anakwenda Nane Nane kufanya nini, na gharama za kwenda kwake zinapaswa kulipwa na nani?

Maoni yangu ni kwamba mkulima aliyealikwa ili kazi yake itazamwe na umma anapaswa kulipiwa nauli, malazi na chakula. Kampuni au mfanyabiashara anayekwenda kuuza bidhaa zake ndiye anayepaswa kulipa. Hivi sasa mara nyingi mambo yako kinyume, na anayeumia ni mkulima mdogo.

Chema hakijiuzi chenyewe

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijijini msemo huo una ukweli, kwa sababu kila mtu anajua shamba la nani lina maharage mazuri. Lakini mnunuzi wa Tabora, Mwanza au Dar es Salaam hajui. Maharage ya Munanila yakishauzwa kwa mchuuzi anayepita na gari, huchanganywa na ya vijiji vingine, huitwa tu maharage ya Kigoma, na jina la kijiji hufia ndani ya gunia. Mkulima aliyechambua vizuri na yule aliyeacha mawe ndani wanapata bei moja.

Mfano wa kinyume chake tunao mkoani kwetu. Kahawa ya wakulima wa Kalinzi, upande wa Wilaya ya Kigoma, ilipata bahati katikati ya miaka ya 2000. Kwa kupitia Taasisi ya Jane Goodall, wanunuzi kutoka Marekani waliionja, na kampuni ya Green Mountain Coffee Roasters ikaanza kuiuza huko ikiwa na jina la Gombe kwenye pakiti. Milima ilikuwa ileile na mibuni ileile. Kilichobadilika ni kwamba mtu mwenye soko aliionja akajua inatoka wapi.

Hiyo ndiyo kazi ya maonyesho. Ni mahali ambapo mwenye mali na mwenye soko wanakutana ana kwa ana bila dalali katikati. Kwa mkulima anayeishi mbali na miji mikubwa, kazi hiyo ina thamani kubwa kuliko kwa mkulima wa Morogoro ambaye lori la Dar es Salaam linapita mlangoni kwake.

Somo kutoka kwa watu wa vitreni

Mfano nitakaoutumia hapa unaweza kumshangaza msomaji, kwa kuwa hautoki kwenye kilimo. Nimeuchagua kwa sababu huko swali la nani alipe na nani alipwe lilikwisha kupatiwa jibu lililo wazi.

Kwetu mtoto hutengeneza gari la waya na kulifungia magurudumu ya kandambili. Uingereza wapo watu wazima, wengi wao wastaafu, wanaotengeneza treni ndogo za mfano. Juu ya meza ndefu hujenga stesheni, madaraja, milima na vijiji, kisha vitreni vinavyotumia umeme huzunguka humo kama treni za kweli. Mtu mmoja anaweza kutumia miaka kadhaa kukamilisha meza moja. Watu hao wana vyama vyao. Klabu moja ya London ilianzishwa mwaka 1910 na bado ipo.

Vyama hivyo huandaa maonyesho, mengi yakiwa ya siku moja au mbili katika ukumbi wa shule au wa kanisa. Mpangilio wake wa fedha ndio unaonivutia mimi kama mchumi. Katika ukumbi kuna makundi matatu ya watu. La kwanza ni wenye meza za vitreni. Hawa hualikwa, na chama kinachoandaa huwalipia mafuta ya gari, usafiri wa mzigo, chakula, na malazi ikiwa wametoka mbali. La pili ni wafanyabiashara wanaouza vitreni, reli, rangi na vitabu. Hawa hulipa kodi ya nafasi zao. La tatu ni watazamaji, ambao hulipa kiingilio mlangoni.

Mantiki yake ni nyepesi. Watu hawatoki nyumbani na kulipa kiingilio kwa ajili ya kuona duka, bali wanakuja kuona treni zikitembea. Mwenye meza ndiye anayeleta umati, na muuzaji anakula kwenye umati huo. Kwa hiyo muuzaji anachangia gharama za yule aliyeuleta.

Jambo jingine ni namna ya kualika. Msimamizi wa maonyesho hapokei tu kila anayekuja. Anatembelea maonyesho mengine, anatazama meza za watu, na akiona inayofaa anamwendea mwenyewe na kumwalika kwa mwaka unaofuata. Kwa njia hiyo kutembelea na kuonyesha vinakuwa kazi moja, kwani aliye mtazamaji leo anajifunza na kesho anaitwa kuonyesha.

Sisemi kwamba utaratibu huo hauna kasoro. Unategemea watu wanaojitolea, na maonyesho makubwa ya chama cha Warley, yaliyokuwa yakifanyika mjini Birmingham tangu 1993, yalifikia mwisho mwaka 2023 baada ya chama kukosa nguvukazi ya kuyaandaa. Pia mwenye kitreni anafanya jambo la kujifurahisha, hivyo akipoteza fedha kidogo hana cha kujuta, wakati mkulima anatafuta ada ya shule na chakula cha watoto. Tofauti hiyo inanipa sababu zaidi ya kuuliza. Ikiwa anayejifurahisha analipiwa gharama zake, vipi anayetafuta riziki ajilipie?

Hesabu ya Mama Neema

Tuchukue mfano wa mkulima wa kubuni, tumwite Mama Neema wa Munanila. Ana maharage mazuri na ameambiwa aende Ipuli akajitangaze. Viwango nitakavyotumia ni vya mfano tu, na kila mmoja aweke vya kwake.

Nauli ya kwenda na kurudi iwe Sh80,000. Malazi ya usiku nane kwa Sh15,000 ni Sh120,000. Chakula cha siku nane kwa Sh10,000 ni Sh80,000. Mzigo na vifungashio ni Sh30,000. Jumla ni Sh310,000, kabla ya kulipia meza.

Tuseme kwa kuuza rejareja uwanjani anapata Sh400 zaidi kwa kila kilo kuliko bei ya nyumbani. Ili arudishe gharama zake tu, bila faida yoyote, anapaswa kuuza kilo 775. Hayo ni karibu magunia manane ya kilo 100, akiyapima kwa kilo mojamoja, mbele ya watu waliokuja kutazama matrekta na kusikiliza muziki. Hawezi. Na hata akiweza, nani amemsafirishia magunia manane kutoka Munanila kwa Sh30,000?

Hesabu hiyo inaonyesha mambo mawili. La kwanza, mkulima mmoja mmoja asiende Nane Nane kuuza rejareja, atarudi na madeni. La pili, faida ya maonyesho haipatikani siku ile uwanjani. Inapatikana baadaye, mnunuzi anapoagiza mzigo.

Sasa tubadilishe hesabu. Wakulima 20 wanaungana katika kikundi au AMCOS yao, kila mmoja ana kilo 500 za maharage ya aina moja. Jumla ni tani 10. Wanatuma watu wawili Ipuli na sampuli chache. Nauli ya wawili Sh160,000, chumba kimoja cha kuchangia Sh120,000, chakula Sh160,000, mzigo na vifungashio Sh60,000. Jumla Sh500,000, yaani Sh25,000 kwa kila mwanachama. Wakipata mnunuzi wa jumla anayewaongezea Sh150 tu kwa kilo, ongezeko ni Sh1,500,000. Ukitoa gharama, kinabaki Sh1,000,000, sawa na Sh50,000 kwa kila mmoja.

Lakini wasipopata mnunuzi, zile Sh500,000 zimekwenda. Hapo ndipo penye tatizo. Hatari yote iko mabegani mwa wakulima 20, wakati walionufaika na uwepo wao ni wengi. Muuza trekta amepata umati. Benki imefungua akaunti. Kampuni ya simu imesajili laini. Kiongozi amepita akapigwa picha mbele ya maharage yao.

Fedha zitoke wapi?

Najua jibu litakalotolewa haraka, kwamba halmashauri hazina fedha. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini sipendekezi mzigo huu wote upelekwe halmashauri.

Pendekezo langu ni kwamba sehemu ya ada inayolipwa na mabanda ya biashara itengwe waziwazi kwa ajili ya wakulima walioalikwa. Kwa mfano, mabanda 100 ya biashara yakiongezewa Sh50,000 kila moja, inapatikana Sh5,000,000. Kwa hesabu yetu ya hapo juu, hizo zinatosha kuleta vikundi 10 vya watu wawiliwawili kwa siku zote nane. Kwa benki au kampuni ya matrekta, Sh50,000 si fedha ya kuwafanya wabaki nyumbani. Kwa kikundi cha Munanila, Sh500,000 ndiyo tofauti ya kwenda na kutokwenda.

Wapo watakaosema kwamba mkulima naye anauza, hivyo alipe kama wengine. Hapa tutofautishe. Mama lishe au mkulima anayekuja kuuza mboga na matunda uwanjani ni mfanyabiashara wa siku hiyo, na alipe ada ndogo inayolingana na biashara yake. Mkulima aliyechaguliwa ili aonyeshe namna anavyolima, anavyokausha na anavyohifadhi, ambaye anasimama kutwa kujibu maswali ya wenzake, anafanya kazi ya ualimu. Mwalimu halipishwi kiingilio cha darasani.

Aidha, fedha hizo zikitengwa, zimfikie mkulima mwenyewe. Mara nyingi utaona katika banda la halmashauri maharage yamepangwa vizuri kwenye sahani, lakini aliyeyalima hayupo. Anayeyaeleza ni ofisa aliyekuja na posho yake. Hakuna jina la mkulima, hakuna kijiji, hakuna namba ya simu. Mnunuzi akiuliza kama zinapatikana tani tano, anaambiwa aende wilayani akaulize. Mnunuzi haendi.

Kwa hiyo malipo yafanyike palepale uwanjani, mkulima atie saini, na orodha ya waliolipwa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri na wa kata. Ikibandikwa, kijiji kitajua nani alikwenda kwa jina lao na akirudi watamuuliza amewaletea nini.

Boga kubwa halijazi behewa

Mkulima akilipiwa naye ana wajibu, kwamba alichokuja nacho kistahili kutazamwa na mtu mwenye soko.

Tumezoea kupeleka maajabu kwenye maonyesho. Muhogo mrefu kuliko mtoto, boga linalobebwa na watu wawili, mkungu wa ndizi uliovunja fito. Watu wanashangaa, wanapiga picha na kuondoka. Mnunuzi haulizi boga lako kubwa lina kilo ngapi. Anauliza kama unaweza kumpa mia yanayofanana.

Hapa pia watu wa vitreni wana la kutufundisha. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilipeleka treni zake za kuchezea kwenye maonyesho ya biashara ya mji wa Leipzig. Wengine nao walikuwa na vitreni vizuri. Märklin walikuja na vipimo maalumu vya upana wa reli, vilivyopewa namba. Mzazi aliyenunua kitreni na reli chache mwaka huu aliweza kurudi mwakani kununua behewa jingine akijua litapita juu ya reli ileile. Mpaka leo, katika kipimo kimoja maarufu ambacho kila kitu kimepunguzwa mara 87, upana wa reli ni milimita 16.5, na vitreni vya viwanda tofauti hupita humo bila taabu.

Treni za kweli zina kanuni hiyohiyo. Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 ina upana wa milimita 1,000. Reli mpya ya SGR ina milimita 1,435. Behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya reli nyingine, hata liwe zuri namna gani. Kisicholingana na kipimo hakisafiri.

Maharage yetu yana tatizo hilo. Wakulima wengi wa milimani hupanda mchanganyiko, yaani meupe, mekundu, ya njano na ya madoadoa katika shamba moja. Siwalaumu. Mchanganyiko ni bima, kwa sababu ugonjwa ukipiga aina moja, nyingine inapona na chungu hakikosi mboga. Lakini mnunuzi wa mjini anataka aina moja, kwa kuwa mchanganyiko hauivi kwa wakati mmoja. Ushauri wangu ni kuugawa mradi. Mchanganyiko ubaki kwenye shamba la chakula, na kipande kingine kipandwe aina moja ambayo kikundi kizima kimekubaliana kwa ajili ya soko.

Vivyo hivyo kwa uzito. Lumbesa inamnyonya mkulima kwa sababu gunia halina kipimo. Sheria ya Vipimo inataka mazao yauzwe kwa mizani, na gunia lisizidi kilo 100. Kikundi kinachokwenda kwenye maonyesho na mzigo uliopimwa na kufungwa kwa kilo zinazojulikana kinamwambia mnunuzi kwamba hapa hakuna lumbesa wala udanganyifu.

Ukienda kuonyesha

Kwanza, nendeni wawili. Mmoja aongee na wageni, mwingine aandike. Daftari la majina, simu, kiasi kinachotakiwa na tarehe ndilo mali mtakayorudi nayo. Mpigieni kila mtu aliyeandikwa ndani ya wiki moja, kabla hajasahau.

Pili, andikeni kibao kwa herufi kubwa chenye jina la kikundi, kijiji na wilaya, aina ya maharage, tani zilizopo, mwezi wa kuvuna na namba ya simu. Msiandike tu kwamba yapo mengi. Andikeni tani ngapi.

Tatu, hakikisheni maharage yamekauka. Njia rahisi ni kuweka kiasi kidogo cha maharage pamoja na chumvi kavu ndani ya chupa kavu yenye kifuniko, kutikisa, kisha kuacha kama dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, bado yana unyevu. Fanyeni jaribio hilo hata mbele ya mnunuzi, naye ataona mnajua kazi.

Nne, banda liwe na kitu kinachoendelea. Wenye vitreni wanajua kwamba treni ikisimama, watazamaji wanahamia meza ya pili. Nyuma ya pazia huwa na reli za akiba ambako treni nyingine zinasubiri zamu, ili mbele pasikae patupu. Nanyi wekeni jiko, pikeni maharage, andikeni saa mliyoinjika na saa yalipoiva, mgeni aonje. Mama wa nyumbani na mwenye hoteli wote wanataka kujua yanakula mkaa kiasi gani. Nyuma ya meza kuwe na akiba ya pakiti za robo kilo zenye jina lenu, za kumpa mnunuzi wa kweli aende nazo.

Tano, msiahidi msichonacho. Mnunuzi akitaka tani 30 nanyi mna 10, semeni 10. Mkimwangusha mara moja, ameangushwa na Munanila yote.

Ukienda kutazama

Si kila mtu atakwenda kuonyesha. Wengi watakwenda kutazama, na kutazama nako ni kazi.

Nenda na swali moja au mawili yaliyoandikwa. Kama tatizo lako ni fukusi wanaotoboa maharage ghalani, tafuta banda la hifadhi ya mazao, uliza kuhusu mifuko isiyopitisha hewa, uliza bei na inadumu misimu mingapi. Usirudi nyumbani na vipeperushi 20 na swali lako halijajibiwa.

Ukiuziwa mbegu, tafuta lebo ya TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu. Kisha uliza mbegu hiyo ilijaribiwa wapi. Munanila ina baridi na mvua za milimani, si joto la Ujiji wala la Tabora. Mbegu inayostawi karibu na uwanja wa Ipuli inaweza kukuangusha huku juu. Nunua kidogo, jaribu kwenye kipande, ndipo uamue msimu unaofuata.

Na wewe mfanyabiashara mdogo, pita kwenye mabanda ya wakulima kabla ya kwenda kwa wauza mashine. Uliza tani, uliza mwezi, chukua namba. Utakayemkuta pale anaweza kukupunguzia mikono miwili kati ya shamba na duka lako.

Tuanzie nyumbani

Hatuna sababu ya kusubiri Ipuli. Maonyesho mengi ya vitreni ni ya ukumbi mdogo, ya siku moja, na huko ndiko wanakopatikana wanaoitwa kwenye makubwa. Nasi tuna siku za soko katika kata zetu na masoko ya ujirani mwema mpakani, ambako wenzetu wa Burundi huvuka kununua na kuuza. Kata ikitenga siku moja baada ya mavuno, vikundi vikaleta maharage, kahawa, tangawizi na asali, na wanunuzi wa Kasulu, Kibondo na Kigoma mjini wakaalikwa, hayo ni maonyesho kamili. Ofisa ugani apite meza kwa meza, na vikundi vitakavyofanya vizuri ndivyo viende Ipuli, kwa kulipiwa. Uchaguzi uanzie kijijini na ufanyike hadharani, usifanywe ofisini wiki moja kabla ya safari.

Haraka ya jambo hili inatokana na reli. Mkataba wa kujenga SGR kutoka Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Agosti 2025 liliwekwa jiwe la msingi la reli ya Uvinza hadi Musongati nchini Burundi. Reli hizo zikikamilika zitapita jirani na milima yetu, na zitabeba mzigo wa aliyejiandaa. Behewa linataka tani nyingi, za aina moja, zilizopimwa, za mtu anayejulikana kwa jina na anayepatikana kwa simu. Kama leo hatuwezi kukusanya tani 10 za maharage yanayofanana na kuwalipia watu wawili nauli ya Tabora wakatafute mnunuzi, siku treni itakapopiga honi Uvinza tutakuwa watazamaji tu.

Waandaaji wa maonyesho wa kanda na halmashauri zetu wana muda wa kuliweka jambo hili kwenye bajeti kabla ya Agosti. Na vikundi visisubiri kuitwa. Kaeni sasa, chagueni aina moja, pimeni mlichonacho, kisha mpelekeeni diwani barua mkiuliza: ada za mabanda zinakusanywa kiasi gani, na ni kiasi gani kinamrudia mkulima anayetazamwa?

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.